Maji ya Coast Yanakaa Fiti Lakini Bahari Iko na Homa: Hii Ndio Rada Kamili

Najua form yako ya Disemba. Unaweka ganji mdogo mdogo, unadandia SGR na mbogi, mnashuka Miritini, mnatafuta keja ya wikendi Nyali, na kesho yake uko ufuoni simu iko juu, nyuma yako maji ya samawati. Kapsheni inasema Coast ni Coast. Laiki zinamiminika.

Sasa nikuulize kitu. Hayo maji yako kwa selfi yako, yako sawa ama yanaumwa?

Hujui. Na si makosa yako. Bahari ikiwa mgonjwa haikohoi wala haitapiki. Inabaki samawati vile vile, inang'aa, na wewe unaogelea tu ukijibamba.

Mimi nilijua hii stori kwa kufokewa. Nilikuwa nimetoka kuacha chuo, kemia ilikuwa imenipiga mieleka, nikaenda kutuliza akili kwa cuzo wangu Bamburi. Ilikuwa Aprili. Akanipeleka na zile boti ziko na kioo chini. Maji yalikuwa yamekupwa, nikashuka, nikasimama juu ya kitu nilidhani ni jiwe ndio nipigwe picha. Nahodha, mzee mmoja mpole tu, akabadilika.

"Shuka hapo mwanangu! Hilo si jiwe, hilo lina roho!"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanionyesha upande wa pili, mahali palikuwa peupe kama chaki. Akasema wiki tatu nyuma hapo palikuwa na rangi zote. Maji yamepata moto, ndio yakawa hivyo. Nikamuuliza amejuaje maji yamepata moto na hana kipimo. Akajibu maneno mawili: "Mguu wajua."

Hiyo jibu imenikaa kichwani mpaka leo. Mguu wa mzee unajua, lakini unajua ukiwa umechelewa. Kuna wasee wengine wanajua mapema, wiki kadhaa kabla. Wacha nikupeleke pole pole.

Hilo "jiwe" ni mnyama

Matumbawe ni wanyama. Wadogo sana, wanaishi wengi pamoja kama watu wa ploti, kila mmoja na bedsitter yake. Nyumba wanajenga wenyewe kwa chokaa. Kizazi kikiisha kingine kinajenga juu yake, miaka na miaka, mpaka inakuwa mwamba mkubwa ule unazuia mawimbi mbali na ufuo. Hiyo miamba duniani kote inashika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini karibu robo ya aina zote za viumbe wa baharini wanaitegemea kwa njia moja ama nyingine.

Sasa skiza mpango wao wa nyumba. Ndani ya mwili wa tumbawe kuna mwani mdogo sana, huwezi kuuona kwa macho. Chukulia huyo ndiye tenanti. Halipi rent kwa pesa, analipa kwa chakula. Anachukua mwanga wa jua anatengeneza sukari, na anaweza kumpa landlord hadi asilimia 90 ya nguvu anayohitaji kuishi. Hata zile rangi unaona kwa picha, nyingi ni za tenanti.

Maji yakipata joto kupita kiasi, mitambo ya huyo tenanti inaharibika. Badala ya chakula peke yake, anaanza kutoa sumu ndani ya nyumba. Landlord kuvumilia inamshinda, anamfukuza. Rangi inaenda na yeye, na kinachobaki ni mwili hauna rangi na mfupa mweupe unaonekana ndani. Hiyo ndiyo inaitwa kupauka.

Hapa ndipo watu wengi huteleza: tumbawe likipauka, halijakufa. Limebaki na njaa. Maji yakipoa haraka, tenanti anarudi na maisha inaendelea. Maji yakikataa kupoa, landlord anakufa njaa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kwa hivyo kati ya kupauka na kufa kuna muda. Si mrefu, ni wiki chache. Kazi yote ya kupima bahari inataka kupata huo muda kabla haujaisha.

Digrii moja tu

Wewe mwili wako uko digrii 37. Ikifika 39 uko kitandani, unatafutiwa dawa. Digrii mbili tu.

Bahari ni hivyo hivyo, hata inasumbuka mapema kukuliko. Kwa pwani yetu maji hupoa sana karibu Agosti wakati kusi inavuma, yanacheza kama digrii 25 hivi. Halafu yanapanda mpaka Machi na Aprili, kaskazi ikiisha, yanafika karibu 29 ama 30. Matumbawe wamezoea hiyo. Shida inaanza maji yakipita kwa digrii 1 ule wastani wa mwezi wenye joto zaidi wa mahali hapo. Digrii 1! Ukiingia kuogelea hata hutaskia tofauti.

Na si joto pekee, ni joto limekaa muda gani. Fikiria Fuliza. Kuchukua mia tano si noma sana ukirudisha jioni. Noma ni kukaa nayo, kila siku inaongeza. Wanasayansi wanahesabu vivyo hivyo. Maji yakizidi kile kiwango kwa digrii 1 kwa wiki moja, hiyo ni pointi moja. Yakizidi kwa digrii 2 kwa wiki moja, ni pointi mbili. Wanajumlisha wiki 12 za mwisho. Pointi zikifika 4, tegemea kuona kupauka. Zikifika 8, anza kutegemea vifo.

Hizo hesabu zinafanywa kila siku na NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, kupitia programu yake inaitwa Coral Reef Watch. Setilaiti inasoma joto la uso wa bahari, ramani inagawanywa vipande vya kilomita 5, na iko bure kwa mtu yeyote ako na bando. Pwani ya Kenya iko hapo ndani.

Mwaka wa 1998

Mbona watu walianza kuchukulia hii kitu serious? Juu ya 1998. El Niño kubwa ilikuja, Bahari ya Hindi ikapata moto miezi ya kwanza ya mwaka, na matumbawe yakapauka kutoka huku kwetu mpaka Maldives na Seychelles. Kenya miamba mingi ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake hai. Mahali kama Malindi na Watamu, ambazo zimelindwa kama hifadhi za baharini tangu 1968, nazo pia zilipigwa. Askari wa hifadhi anaweza kuzuia nyavu, lakini joto halina geti.

Kufuatia hiyo kipigo, mwaka wa 1999 ilianzishwa CORDIO, shirika la utafiti ambalo tawi lake la Afrika Mashariki liko Mombasa. Serikali nayo tayari ilikuwa na taasisi yake, KMFRI, tangu 1979, makao makuu hapo hapo Mombasa. Wana hata meli ya utafiti inaitwa RV Mtafiti. Kwa hivyo ukiskia mtu akisema hii ni mambo ya wazungu, mwambie kuna Wakenya wanaamka kila siku kufanya hii job.

Na joto limerudi. Lilirudi kwa nguvu 2016. Halafu Aprili 2024 NOAA ikatangaza dunia iko ndani ya kupauka kwa nne kwa kiwango cha dunia nzima, na magharibi ya Bahari ya Hindi ilikuwa ndani. Tatizo si kwamba linarudi tu. Linarudi kabla matumbawe hayajamaliza kupona. Ni kama kupigwa ngumi ukiwa bado unainuka.

Kwani wanapima nini haswa?

Joto ndilo la kwanza, na setilaiti haitoshi. Ile inaona ngozi ya bahari tu. Matumbawe wako chini mita kadhaa. Ndio maana watafiti wanapiga mbizi wanafunga vipimajoto vidogo, kama saizi ya kidole gumba, kwa mwamba wenyewe. Hicho kidude kinakaa huko miezi kikirekodi, halafu wanarudi kukitoa na kuchukua data. Huko baharini kuu kuna maboya karibu 4,000 ya mpango wa Argo yanaelea duniani kote, yanazama mpaka mita 2,000, yanapanda yakipima, na yanatuma data kwa setilaiti kila siku 10.

Ya pili ni asidi. Bahari inameza sehemu ya moshi wetu wa kaboni, na hiyo inageuza kemia ya maji. Tangu viwanda vianze, pH ya uso wa bahari imeshuka kutoka karibu 8.2 mpaka 8.1. Inakaa kitu kidogo, lakini hesabu ya pH si ya kawaida: hiyo ni asidi kuongezeka kwa karibu asilimia 30. (Ndiyo, hii ndiyo kemia ilinishinda. Nimeisoma tena nikiwa na sababu, ikaingia.) Maji yakiwa hivyo, kujenga nyumba ya chokaa inakuwa ngumu kwa matumbawe, chaza na konokono.

Ya tatu ni oksijeni. Samaki pia anapumua. Maji ya choo na mbolea yakiingia baharini yanalisha mwani mpaka unazaana kupita kiasi. Ukifa, bakteria wanauoza na wanakula oksijeni yote. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, samaki anahama ama anakufa. Na kuna mwani mwingine una sumu yake kabisa. Mwanzoni mwa 2002 samaki wengi waliokotwa wakiwa wamekufa huko Kiunga, Lamu, na upande wa Somalia, na mwani wa sumu ndio ulilaumiwa.

Ya nne ni uchafu wa maji, yaani mwanga unafika wapi. Hapa kuna kipimo kimoja nakipenda juu hakina mbwembwe. Ni sahani nyeupe ya sentimita 30 imefungwa kwa kamba. Unaishusha, ukiacha kuiona unasoma urefu wa kamba. Basi. Ilibuniwa na padri Mwitaliano, Angelo Secchi, mwaka wa 1865, na bado inatumika. Mwanga ukikosa kufika, tenanti wa tumbawe hawezi kupika, na nyasi za bahari nazo zinakufa.

Ya tano ni chumvi. Maji ya Bahari ya Hindi huku kwetu yako na karibu gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Mvua kubwa ikimwaga mito baharini, hiyo inashuka, na kuna viumbe hawawezani na hiyo mabadiliko.

Mimi niko Kayole, inanihusu wapi?

Swali poa. Mto Nairobi unapita karibu na wewe. Unaingia Athi. Athi inaitwa Galana mbele, halafu Sabaki, na inamwaga maji yake baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Mvua ikinyesha sana, maji ya Malindi yanageuka rangi ya chai ya maziwa, juu ya mchanga wa bara umeshuka na huo mto. Ule mchanga unafunika matumbawe. Kwa hivyo ile karatasi ulitupa kwa mtaro Jumanne, na ule mlima umelimwa mpaka ukingoni bila mti hata mmoja, zote ziko safarini kwenda Malindi. Zitafika kabla yako, na bila tiketi ya SGR.

Kitu kingine: mwamba wa matumbawe unavunja kwa wastani asilimia 97 ya nguvu ya mawimbi kabla yafike ufuoni. Ukifa na kumomonyoka, ule ufuo wa selfi unaanza kuliwa.

Na hata hiyo mvua yako inatoka huko. Maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yakiwa moto kuliko ya mashariki, Afrika Mashariki hupata mvua ya vuli kupita kiasi. Ndivyo ilivyokuwa 2019, na ndivyo ilivyokuwa 2023 ikisaidiana na El Niño. Wale wasee wanapima joto la bahari wanasaidia pia kujua kama mwisho wa mwaka utakuwa unavuka Umoja na gumbuti.

Sawa, umejua. Sasa?

Hapa ndio pagumu, na sitakudanganya. Huwezi kuweka bahari kwa friji. Ramani ikigeuka nyekundu, hakuna swichi ya kuzima. Joto lenyewe linatokana na moshi wa dunia nzima, na Kenya inachangia kidogo sana. Kwa nini basi tusumbuke kupima?

Kwanza, mgonjwa wa homa humbebeshi gunia la simiti. Tumbawe liko na joto halitaki pia maji ya choo, nanga za boti, watalii wa kukanyaga na nyavu za kukokota. Hayo yote tunaweza kupunguza, na ukijua miezi ya hatari inakuja, unajua ni lini haswa. Unaweza kufunga sehemu moja kwa wageni kwa wiki chache. Unaweza kuwaacha pono. Huyo samaki wa rangi rangi hukwangua mwani juu ya mwamba, na mwani ukitolewa, matumbawe wachanga wanapata mahali pa kushika. Pono ndiye msafishaji wa ploti. Ukimmaliza kwa nyavu, ploti inamezwa na mwani na haiponi.

Huko Kuruwitu, Kilifi, wavuvi wenyewe walifanya hiyo. Mwaka wa 2005 waliamua kufunga kipande cha bahari yao, karibu hekta 30, hakuna kuvua. Hawakulazimishwa na serikali. Waliona samaki wanapungua. Samaki wakarudi, na wanaozaana ndani ya hiyo sehemu wanamwagika nje ambako kuvua kunaruhusiwa.

Pili, kupima kunakuonyesha nani anaweza kuokoka. Hii ndiyo ilinishangaza zaidi. Mtafiti Tim McClanahan wa shirika la WCS, ambaye amesoma miamba ya pwani yetu tangu miaka ya 80, alieleza mwaka wa 2020 kuhusu sehemu ya bahari mpakani mwa Kenya na Tanzania, upande wa Shimoni kuteremka Tanga, ambako maji hukaa baridi wakati kwingine kunachemka. Sababu? Chini kuna mifereji mirefu iliyochimbwa maelfu ya miaka iliyopita na maji ya barafu kutoka Kilimanjaro na milima ya Usambara. Maji baridi ya kina kirefu hupandia huko. Barafu ya zamani ya Kilimanjaro bado inawasaidia samaki wa leo.

Ungejuaje hiyo bila mtu kuzamisha kipimajoto mwaka baada ya mwaka? Usingejua. Na ukishajua, unajua mahali pa kulinda kwanza hata kama doh ni kidogo, juu hapo ndipo mbegu za kesho zitatoka.

Habari inafika kwa nani?

Sasa turudi kwa nahodha wangu wa Bamburi. Kabla tuachane nilimuonyesha ile ramani ya setilaiti kwa simu. Bamburi yake ilikuwa imewaka. Akaiangalia kwa muda, akavuta macho karibu, akaniuliza: "Hawa walijua lini?"

Nikarudisha ramani nyuma. Tarehe zilisema wiki kadhaa.

Akanyamaza, halafu akasema, "Mimi nimekuwa nikileta watu hapa kila siku wakisimama juu yake. Mbona sikuambiwa?"

Sikuwa na jibu, na nadhani hilo ndilo swali la maana kwa hii stori yote. Vipimo viko. Setilaiti iko. Wataalamu wetu wako, na CORDIO hutoa tahadhari za kupauka na kukusanya ripoti za watu wanaozamia. Lakini data ikibaki kwa laptop na mguu wa mzee ukibaki majini, kila mmoja anajua nusu. Mvuvi anajua maji yamebadilika leo. Setilaiti inajua yatabadilika wiki ijayo. Bado hawajuani.

Wewe unaweza kuwa kati yao, na hauhitaji digrii (shahidi wako wa kwanza ni mimi). Kabla uende Coast, hasa Februari mpaka Mei, fungua ile ramani ya Coral Reef Watch ucheki rangi ya pwani yetu. Ukipanda boti, muulize nahodha kama ameskia, na umuonyeshe. Ukiona matumbawe meupe, piga picha, andika mahali na tarehe, tuma kwa CORDIO ama KMFRI. Usisimame juu yake. Usinunue makombe na matumbawe ya kupamba keja. Ukila ufuoni na uone pono kwa sahani, uliza kama kuna changu badala yake.

Namba ya yule mzee bado ninayo. Kila Machi nikiona ramani imeanza kugeuka rangi, namtumia skrinishoti. Mwaka huo wa kwanza alijibu na neno moja tu: "Nimeona." Cuzo akaniambia baadaye kwamba wiki hiyo mzee alikuwa anawapeleka wageni sehemu ya mchanga, na akishuka mtu anamuonyesha mahali pa kukanyaga kabla mguu ufike chini.